Sura ya Saba: Waya Uliofungwa Vizuri Mno

Kila mtu katika mstari ule wa ndege alikuwa na neno juu ya Merle Dvorak, na hakuna aliyengoja kuulizwa.

"Ile haikuwa ndege, Sajenti. Ilikuwa banda la kuku lenye mabawa," alisema Craig Lundeby, daktari wa meno kutoka Minnesota.

"Nilimwonya mkewe," alidakia mwingine, akilamba haradali ya soseji kidoleni. "Nikamwambia, mama, chombo hicho usikipande, labda uwe umechoka na dunia."

Wakacheka. Mmoja tu ndiye hakucheka. Orrin Tessmer alikuwa mzee mrefu, nywele nyeupe zimekatwa kijeshi, fundi aliyewafundisha nusu ya watu wa pale kupiga ribiti, vile vijipini vya kuunganishia mabati, na kufunga nyaya. Alitikisa kichwa kwa upole.

"Mwacheni jamani. Mungu hakugawa mikono sawa."

Wakacheka zaidi.

Sajenti Arlys Vandenheuvel wa ofisi ya sherifu aliwaacha waseme. Alizaliwa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, karibu na uwanja huu wa ndege wa Oshkosh, na kila Julai tangu utotoni aliwaona wakishuka kama nzige, maelfu kwa maelfu, na ndege walizojijengea kwenye gereji zao. Wiki nzima hulala kwenye mahema chini ya mabawa, wakila mahindi ya kuchemsha na kusifiana mbele ya macho huku wakisengenyana nyuma ya mgongo. Hakuwahi kuwapenda. Aliwaona ni watu wazima waliokataa kukua, na kila mmoja anataka apigiwe makofi.

Lakini jana mwanamke alikuwa amevunjika mgongo, na hilo halikuwa mchezo tena.

Merle alipaa na mkewe Joleen ili waongoze msafara wa ndege za kujengwa nyumbani kupita mbele ya watazamaji. Walipofika kimo cha mnara wa kanisa injini ikakohoa, ikanyamaza, na ndege ikaanguka kwenye shamba la soya ng'ambo ya uzio. Merle alitoka na michubuko. Joleen alikuwa hospitalini, na madaktari hawakutaka kusema kama atatembea tena.

*

Mabaki yalilazwa kwenye banda la bati nyuma ya uwanja. Mkaguzi wa serikali, kijana wa miwani, alikuwa tayari anafunga mkoba wake.

"Unapoteza muda, Sajenti. Nimefungua chujio la mafuta, nimekuta kitambaa ndani. Kitambaa cha buluu cha kupangusia, hichihichi wanachotumia wote. Alisafisha chujio, akakisahau humo. Uzembe. Kesho asubuhi natia sahihi."

"Walikuja na ndege hii kutoka Iowa," alisema Arlys. "Mbona hawakuanguka njiani?"

"Kwa sababu kilitiwa hapahapa uwanjani. Injini ikinguruma polepole, mafuta kidogo yanapenya. Ukiifungulia mpaka mwisho upae, inataka mengi, na mengi hayapiti. Mtoto wa shule anaelewa."

"Mwenyewe anasema hakufungua chujio."

"Wazembe wote husema hivyo."

Arlys alipiga magoti penye injini. Hakujua mengi kuhusu ndege, ila alijua kutazama. Boliti za injini hufungwa kwa waya mwembamba uliosokotwa, ili mtetemo usizilegeze. Nyaya za Merle zilikuwa aibu tupu: pengine zimekaza, pengine zimelegea, ncha zimetokeza nje kama miiba ya nungunungu. Alizipitia moja baada ya nyingine. Hakuona hata mmoja uliomshinda mwenzake kwa uzuri.

"Waya wa chujio uko wapi?"

"Nimeukata ili nifungue. Uko kwenye mfuko pale."

Arlys aliuinua mfuko wa plastiki penye mwanga. Waya ule ulikuwa umesokotwa sawasawa mwanzo hadi mwisho, kama msuko wa nywele za binti anayekwenda kupokea komunio ya kwanza. Ncha yake ilikunjwa ndani ikalala, isimchome mtu.

"Huu nani kaufunga?"

"Dvorak. Nani mwingine?"

"Ina maana siku hiyo mikono yake iliokoka?"

Mkaguzi aliinua mabega. "Wewe andika lako, mama. Mimi langu nimemaliza."

Arlys alitia mfuko kwenye mkoba wake. Mkaguzi alikuwa na mpaka kesho asubuhi. Yeye alikuwa na mpaka jioni tu, kwa sababu onyesho la angani likiisha njia ya kurukia hufunguliwa, na hawa nzige huanza kuruka kila mmoja na upande wake.

*

Mahali pa ndege ya Merle palibaki pengo kwenye nyasi, mfano wa jino lililong'olewa. Mwenyewe alikaa mlangoni mwa hema, mwanamume mfupi mwenye tumbo, kofia mikononi. Hakuna jirani aliyemletea hata kikombe cha kahawa.

"Wamekuambia ni mimi," alisema.

"Wameniambia wote, na bila kuulizwa."

"Binti yetu, Kendra, amesimama mlangoni kule hospitali. Ameniambia, 'Baba, kama ni uzembe wako uliomfanya mama hivi, usikanyage humu.'" Alizungusha kofia. "Nimjibu nini? Sikumbuki kufungua lile chujio. Lakini mimi mtu wa kusahau, Sajenti. Joleen ndiye hunikumbusha. Huenda nilifungua. Huenda nimemvunja mke wangu kwa mikono yangu mwenyewe, na hata sikumbuki."

"Acha kulia kabla ya msiba. Una koleo?"

"Ninalo."

"Chukua waya, unisokotee hapa. Vizuri kadiri uwezavyo."

Merle alitoa ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika, akasokota. Waya ulitoka umepinda kama mkia wa nguruwe mgonjwa.

"Huwezi zaidi ya hapo?"

"Hapo ndipo nimejitahidi, mama."

Arlys aliuweka waya ule kando ya ule wa kwenye mfuko, na hakuhitaji kuvaa miwani. Mtu anaweza kujifanya hajui leo, mbele ya askari. Lakini zamani, alipokuwa akifunga zile nyingine zote kwenye gereji yake, alikuwa akimdanganya nani?

"Kuna mtu umemuudhi hapa?"

Merle alitupa jicho kwenye ndege ya jirani, nyeupe yenye michirizi ya dhahabu. "Labda daktari. Nilisema neno juzi asubuhi, kwenye chapati za kifungua kinywa. Mdomo wangu nao hauna breki."

"Neno gani?"

"Nilisema ndege yake niliiona Iowa, kwenye karakana moja, ikijengwa na mafundi watatu wa kuajiriwa. Daktari mwenyewe hakuwepo hata kivuli chake."

Arlys alielewa uzito wa neno lile. Katika watu hawa, sheria ni kwamba zaidi ya nusu ya ndege uijenge kwa mkono wako. Ukikutwa umenunua jasho la wenzako ukaliita lako, basi katika mashindano ya ufundi hata kombe la bati hupewi, na mezani hakuna atakayekusogezea kiti. Naye Daktari Lundeby alikuwa amekuja kutafuta kombe kubwa kuliko yote.

*

"Wivu!" alisema daktari. "Nimelala na ndege hii miaka minane. Kila ribiti nimeipiga mwenyewe. Mke wangu alitishia kuniacha."

"Alitishia tu?"

Watu wawili watatu waliokuwa wakipita walisimama. Daktari alijaribu kutabasamu. Ndege yake iling'aa hata ungeweza kujinyolea ndevu ubavuni mwake.

"Sikumgusa Dvorak wala takataka yake, Sajenti. Kwanza ningechafuka."

"Naona una mikono misafi. Basi nisaidie jambo dogo. Nisokotee waya."

"Sasa hivi?"

"Kwani una mgonjwa anakungoja kitini?"

Daktari alipokea koleo. Aliligeuza upande huu, akaligeuza upande ule. Akabana waya, akauvuta kwa nguvu kama anayeng'oa gego. Waya ukakatika. Arlys akampa mwingine bila neno. Huo nao ukakatika. Watu walikuwa wamezidi, na miongoni mwao wazee wawili waamuzi wenye beji vifuani, kofia zimeshushwa hadi kwenye nyusi.

"Ni joto hili. Vidole vinateleza," alisema daktari.

"Ribiti zote zile vidole havikuteleza?" aliuliza mtu nyuma. "Au vilikuwa vya kukodi?"

Kicheko kikapasuka. Daktari aliiva shingo mpaka masikioni.

"Nina habari mbili, Daktari," alisema Arlys akichukua tena koleo la Merle. "Njema ni kwamba aliyetia kitambaa kwenye lile chujio alilifunga tena kwa mkono wa fundi, na wewe si fundi. Huwezi kumdhuru mtu kwa njia hiyo hata ukifundishwa mwaka mzima. Mbaya nawaachia hawa wazee wawili, kwa maana naona wana maswali."

Akaondoka bila kugeuka. Nyuma yake alimsikia mwamuzi mmoja akisema kwa sauti kavu, "Hebu tueleze, Daktari, bawa hili ulianza kulijenga upande gani?"

*

Saa za alasiri onyesho la angani likaanza. Ndege zikapanda zikitema moshi, zikapinduka, zikaanguka kama mawe na kuinuka tena, na shingo zote za uwanja zikalala nyuma, midomo wazi. Arlys alisimama katikati ya mstari akazungusha macho. Hakuna aliyemtazama. Angeweza kubeba hema la mtu na mtu mwenyewe ndani, na asiulizwe.

Ndivyo ilivyokuwa juzi pia, siku moja kabla ya ajali. Lazima kitambaa kilitiwa wakati kama huu.

Akatafuta mtu mmoja asiyetazama juu, akampata. Twyla Pruess, mama mtu mzima, alikaa kwenye kiti cha kukunja, mgongo ameugeuzia onyesho, anafuma soksi.

"Hupendi kutazama?" aliuliza Arlys.

"Nimeolewa na rubani miaka arobaini, mwanangu. Nikitazama juu tena nitatapika."

"Na juzi ulikaa hapahapa?"

"Hapahapa. Soksi ya kwanza niliimaliza juzi."

"Ulimwona mtu akigusa ndege ya Merle?"

"Hakuna mtu." Sindano hazikusimama. "Hapa ukigusa ndege ya mwenzio bila ruhusa, hata kwa kidole kimoja, utapigiwa kelele zisikike Milwaukee. Juzi hiyohiyo mtoto alimgusia daktari ndege yake kwa mkono wenye aiskrimu, nusura wamsulubishe."

"Hakuna kabisa?"

"Nimekuambia hakuna. Mbona unaniuliza kama kiziwi?"

Arlys alivuta kreti la soda akakaa. Akalitazama lile pengo, akaligeuza swali.

"Sawa, mama. Nani alifungua kifuniko cha injini ya Merle?"

"Aa, huyo Orrin." Twyla alisema kama anayetaja jua kuchomoza. "Lakini hiyo si kugusa! Orrin kila mwaka hupita akitengenezea watu. Hapa waya, pale skrubu. Hata ya mume wangu ameifungua, na bora afanye yeye, maana mume wangu hata bawaba ya mlango inamshinda."

"Merle alikuwepo?"

"Merle na Joleen walikwenda mbele kutazama. Wameshikana mikono kama vijana, kwa umri ule." Sindano zikasita kidogo. "Maskini Joleen."

"Asante, mama. Soksi ni nzuri."

"Ni mbaya. Lakini atazivaa."

*

Orrin Tessmer alikuwa peke yake chini ya turubai la mafunzo, akipanga vifaa mezani. Wanafunzi wake wote walikuwa wamekimbilia onyesho. Begi lake lilisimama tayari kando ya meza.

"Unaondoka, Mzee?"

"Njia ikifunguliwa tu. Sina hamu tena mwaka huu, baada ya msiba ule." Alifuta bisibisi, akailaza mahali pake. "Vipi, umemkamata daktari? Nimesikia amefedheheka."

"Huyo Mungu amemwadhibu kwa mikono aliyompa. Mimi nimekuja kujifunza. Nyaya hizi hufungwaje?"

Uso wa mzee ulilainika. Akachukua waya, akaupitisha kwenye tundu la boliti iliyofungwa kwenye ubao, akazungusha koleo. Mikono yake haikuwa na haraka. Ukatoka sawa, kila msokoto na mwenzake, kisha akaikunja ncha kwa kidole gumba, ikalala.

"Ncha lazima ilale," alisema. "Ukiiacha wazi itamchoma atakayekuja baada yako. Ni adabu tu."

"Vizuri sana. Sasa nifungie mwingine vibaya."

"Vibaya vipi?"

"Kama wa Merle Dvorak."

Orrin alicheka puani. Akasokota mwingine. Arlys aliinama akautazama.

"Huu ni mzuri, Mzee. Nimesema vibaya."

Akasokota wa tatu. Safari hii alilegeza kati kwa makusudi, lakini alipofika mwisho kidole gumba kilirudi chenyewe, kikakaza palipolegea, kikakunja ncha. Alikitazama kama mtu anayemtazama mbwa wake akimsaliti kwa kumkimbilia mgeni.

"Bado," alisema Arlys. "Mbaya zaidi."

Orrin aliweka koleo mezani.

"Siwezi kutengeneza takataka."

"Najua. Hata juzi hukuweza."

Akalaza ule mfuko wa plastiki kando ya nyaya tatu mpya. Zilikuwa nne, na kama zingekuwa watoto, ungesema wa mama mmoja. Juu yao ndege ilipita ikinguruma, turubai likatetemeka, na watu kule mbele wakapiga kelele za furaha.

Orrin alisogeza mfuko kwa kidole.

"Aliyeukata huu ameukata vibaya," alisema.

"Ungeweza kuufunga kama zile nyingine. Mkaguzi angetia sahihi, nami ningekuwa nyumbani nakunywa chai."

"Kufunga kama zile?" Macho ya mzee yaliwaka mara ya kwanza siku ile. "Umezitazama? Uliona ndani ya ile injini? Miaka kumi na tisa nimeongoza msafara wetu mbele ya watu. Mimi! Watu wanaona kazi safi, wanajua sisi si wahuni wa gereji. Mwaka huu wakamweka yeye mbele. Kisa? Watoto wanaipenda ndege yake, ameichora macho na meno kama papa. Mtu asiyejua kufunga waya!"

"Ukaamua kumwua."

"Kumwua nani? Nilitia kitambaa kidogo tu. Nilitaka akohoe palepale mwanzo wa njia, mbele ya uwanja mzima, arudishwe anasukumwa kama mkokoteni. Fundi yeyote mwenye akili huijaribu injini mpaka mwisho kabla ya kuachia breki. Yeye hata hilo hakufanya! Aliona watu wanampungia mkono, akaruka."

"Kwa hiyo kosa ni lake."

"Ni lake."

"Na la Joleen?"

Orrin alinyoosha mpaka mstari wa vifaa ambao tayari ulikuwa umenyooka. "Katika msafara mtu huruka peke yake. Hakuwa wa kupanda."

Arlys alichomoa pingu. Majambazi aliwahi kuwakamata, na walevi, na mwanamume mmoja aliyemchoma nduguye kisu kwa sababu ya mpaka wa shamba. Karibu wote waliinamisha kichwa mwishoni. Huyu alikuwa ameinua chake kama anayengoja kuvalishwa nishani.

"Mzee, wewe na mimi tunasoma Biblia ileile," alisema. "Yule Farisayo alisimama hekaluni akashukuru kwamba yeye si kama watu wengine, wala kama mtoza ushuru aliyesimama mbali akisali. Nimemdharau maisha yangu yote. Lakini yeye angalau hakutoka nje akamtilia mtoza ushuru kitambaa kwenye chujio. Simama. Mikono nyuma."

Alipomfunga pingu alizikaza, akahakikisha zimelala sawa, akamtoa nje katikati ya mstari. Hapo onyesho lilikuwa limekwisha na shingo zilikuwa zimerudi chini. Waliomwona waliacha kutafuna, mmoja baada ya mwingine, soseji zimesimama njiani kuelekea mdomoni.

"Sajenti, umekosea mtu!" alisema mmoja.

"Mwulizeni mwenyewe."

Hakuna aliyemwuliza. Orrin aliwapita akiwa ameinua kidevu, na alipofika kwenye ndege ya mume wa Twyla akageuza kichwa, akatazama kitu pale chini ya injini, akakunja uso kwa karaha.

*

Merle alikuwa bado mlangoni mwa hema. Arlys alimweleza akiwa amesimama, maneno machache, bila kupamba. Merle alisikiliza mpaka mwisho.

"Orrin? Orrin ndiye aliyenifundisha..." Akaizungusha kofia. Kisha, kwa sauti ndogo: "Basi kazi yangu ilikuwa nzuri?"

"Hapana, Merle. Kazi yako ni mbaya. Sijawahi kuona mbaya kama hiyo, na ukithubutu kujenga nyingine nitakuja Iowa mwenyewe kuitia kiberiti. Na injini ungeijaribu mpaka mwisho kabla ya kuruka, hilo utalijibu mbele ya mkeo, si mbele yangu. Lakini aliyemwangusha ni Orrin. Si waya wako hata mmoja. Ingia garini."

"Kendra hatanipisha."

"Kendra niachie mimi."

Kwenye ghorofa ya tatu ya hospitali msichana mrefu alisimama mlangoni, mikono amekunja kifuani, macho mekundu. Arlys alimvuta pembeni, akasema naye kwa sauti ya chini. Msichana alisikiliza. Akauliza swali moja, akajibiwa. Akaziba mdomo kwa kiganja. Halafu akasogea, akauacha mlango wazi.

Merle aliingia akiburuta miguu, kama anayeingia kanisani amechelewa. Joleen alilala chali, shingo imefungwa, hakuweza kugeuka. Alimngoja mpaka alipofika juu yake, akamtazama kutoka kichwani kushuka.

"Merle Dvorak. Vifungo vya shati umevikosea vyote."

"Najua."

"Inama basi."

Mkono wa mwanamke ukatoka chini ya blanketi, polepole, ukafika kwenye kifungo cha kwanza. Arlys akavuta mlango, ukajifunga.